Uhai Mfupi Si Uhai wa Kutupwa

Ipo dhambi ambayo hakuna anayeiungama, kwa sababu hakuna anayeiita dhambi. Paka amezalia stoo watoto wanne au watano. Mwenye nyumba hawataki. Wanatiwa kwenye kiroba, na usiku kiroba kinapelekwa jalalani, au sokoni karibu na meza za samaki, au kinaachwa nyuma ya ukuta wa kanisa. Aliyekiacha hujiambia kwamba hakuua, amemwachia Mungu. Jumapili anapita lango lile lile akiwa na Biblia mkononi, na hakuna mtu anayemuuliza neno.

Sisi tunaoandika makala hii ni washarika wachache, wanawake kwa wanaume, ambao tumekuwa tukiwaokota watoto hao wa paka, tukiwapeleka kwa daktari wa mifugo na kuwatafutia nyumba. Kwa wale wazima hatuna ugomvi mkubwa na mtu, maana kila mwenye panya jikoni atampokea paka mwenye afya. Ugomvi wetu ni juu ya wale ambao kipimo kimeonyesha kwamba wana virusi vya lukemia ya paka. Hao tumeambiwa tuwaue. Tumeambiwa na majirani, tumeambiwa na wapendwa wenzetu katika Bwana, na zaidi ya mara moja tumeambiwa kwa maneno ya dini. Hili ndilo jibu letu.

Kwanza tuseme ugonjwa huu ni nini, kwa kuwa wengi wanauhukumu bila kuujua. Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Jina lake lina neno lukemia, yaani saratani ya damu, lakini paka wengi walio navyo hawafi kwa saratani ya damu. Virusi hushusha kinga ya mwili, huleta upungufu wa damu, na kwa baadhi huleta saratani, hasa ya matezi. Paka huambukizana kwa mate: kwa kulambana, kwa kula sahani moja, kwa kung'atana. Mama huweza kumwambukiza mtoto tumboni au wakati wa kunyonyesha. Ni virusi vya paka na jamaa zake wa porini, binadamu haviwapati. Mtoto wako akimbeba paka huyo, akimlaza mapajani, akilambwa mkono, hataondoka na lukemia. Hata nje ya mwili wa paka virusi hivi havidumu, na sabuni ya kawaida huviua.

Tunasema pia lile lililo gumu. Hakuna dawa ya kuviondoa mwilini. Chanjo ipo tangu mwaka 1985, lakini humkinga paka ambaye hajaambukizwa. Kwa aliyekwisha kuambukizwa haina msaada. Wapo paka ambao miili yao huvishinda virusi au huvifungia visisambae, na ndiyo maana kipimo kimoja cha mtoto wa paka si hukumu. Hurudiwa baada ya mwezi mmoja au zaidi. Lakini wale ambao virusi vimekaa katika damu yao, wengi hawapiti miaka mitatu hivi tangu kugundulika, na walioambukizwa wakiwa wachanga mara nyingi huondoka mapema zaidi. Katika muda huo, hata hivyo, wengi wao huishi kama paka wengine: wanacheza, wanaota jua, wanakamata panya. Asiyeambiwa hatajua kama ni wagonjwa.

Sasa tuzijibu hoja tunazopewa.

Hoja ya kwanza ni fupi: "Watakufa tu." Inasikika kama hekima, na ndiyo maana ni ya hatari. Tukikubali kwamba kiumbe asiyeishi muda mrefu hastahili bakuli la maji na pembe ya kulala, tumekubali kwamba huruma hupimwa kwa kalenda. Hatumlinganishi mtu na paka. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na paka hakuumbwa hivyo. Anayetusingizia kwamba tunasema kinyume hajatusikiliza. Tunachosema ni kwamba hoja hii ikishazoea kukaa moyoni haibaki kwa paka peke yao. Leo inasema hakuna haja ya kumlisha paka huyu, kesho inauliza kuna haja gani ya kumnunulia bibi miwani mipya katika umri ule.

Wanaotuletea hoja hiyo tunawaomba wasome tena mwisho wa kitabu cha Yona. Nabii amekaa nje ya Ninawi akiulilia mtango, mmea uliochipuka usiku mmoja na kunyauka usiku uliofuata. Ni vigumu kupata katika Maandiko kitu kilichoishi muda mfupi kuliko huo. Je, Mungu alimcheka Yona kwa kuhurumia kitu cha siku moja? Hakumcheka. Aliichukua huruma hiyo ndogo akaipanua, akamwonyesha mji mzima, watu wake wengi wasiojua kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wao pia. Kitabu kizima kinaishia hapo, kwenye wanyama. Kama Mungu hakuona aibu kuwahesabu wanyama katika swali lake la mwisho kwa nabii, sisi tunaona aibu ya nini?

Hoja ya pili huja ikiwa imevaa upole: "Kuwaua ndiko kuwahurumia." Hapa tunaomba tueleweke. Paka anapofikia hatua ambayo hali, hawezi kusimama, anapumua kwa shida, na daktari amesema hakuna nafuu inayowezekana, sindano isiyo na maumivu ni huruma ya kweli. Sisi wenyewe tumesimama pembeni ya meza ya daktari tukamshika paka kichwa mpaka mwisho, na dhamiri haikutusuta. Lakini kumuua mtoto wa paka anayerukia kamba za viatu vyako, eti kwa sababu kipimo kimeonyesha mistari miwili, ni kujipunguzia sisi kazi na kuiita kazi hiyo huruma. Kwa miaka mingi makao mengi ya wanyama huko Marekani na Ulaya yalifanya hivyo kama utaratibu wa kawaida: kipimo kikionyesha virusi, paka anauawa. Leo wanaojua wamebadilika. Mwongozo wa mwaka 2020 wa madaktari wa paka wa Marekani unasema wazi kwamba kuwa na virusi peke yake si sababu ya kumuua paka. Katika mji wa Austin, jimbo la Texas, shirika liitwalo Austin Pets Alive! limekuwa likiwatafutia nyumba paka wenye virusi hivi, na watu wanawachukua wakijua wanachokichukua. Ikiwa watu wasiotaja hata jina la Mungu katika kazi yao wameweza kulifanya hilo, sisi tunaoimba kwamba Muumba anakijali kila alichokiumba tutajitetea vipi?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na hatutaipita juu juu. "Watoto wa watu wana njaa, nyinyi mnahangaika na paka." Anayesema hivyo kwa uchungu wa kweli tunamheshimu. Tunamwambia kwanza kwamba hatujaomba senti moja ya sadaka, wala hatujagusa mfuko wa diakonia. Paka hawa hula vichwa vya dagaa, makombo ya samaki na ugali. Fedha ya kipimo tunachangishana wenyewe. Kisha tunamwomba aangalie ni akina nani wanaokwenda kuwaona wagonjwa, ni akina nani wanaobaki kuosha masufuria baada ya msiba. Atawakuta baadhi yetu huko. Hatuyasemi haya kwa kujisifu, ila tunakataa hesabu inayodhani kwamba huruma ni debe la mahindi, ukimchotea huyu unampunja yule.

Bwana wetu hakuhesabu hivyo. Alipobishana na walimu wa sheria juu ya kumponya mtu siku ya sabato, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 14, aliwauliza ni nani kati yao ambaye mnyama wake akitumbukia kisimani hatamtoa. Alichukulia kwamba kila mwenye moyo hufanya hivyo, na kutoka hapo akapanda kwenda kwa mtu mgonjwa. Hakusema ng'ombe asubiri kisimani mpaka wagonjwa wote wapone. Kumtoa mnyama kisimani ni ngazi ya kwanza, na anayeivunja ngazi hiyo kwa madai ya kuwatetea watu hatujui atapandia wapi. Mithali 12:10 inautambua wema wa mtu kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Ndiyo maana nabii Nathani, alipotaka kuufungua moyo wa mfalme uliokuwa umefungwa na dhambi, alimsimulia habari za mwanakondoo mmoja wa maskini. Alijua kwamba moyo ukishindwa kuguswa hata na hilo, umekwisha.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Virusi vya lukemia ya paka ni vya ukoo mmoja mpana na Virusi vya UKIMWI, ingawa si kitu kimoja. Max Essex, daktari wa mifugo wa Marekani, alianza kwa kuchunguza lukemia ya paka. Kwa sababu ya ujuzi huo alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuona kwamba ugonjwa mpya uliokuwa ukiwaua watu huenda unaletwa na virusi vya ukoo huo. Mwaka 1986 alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Robert Gallo na Luc Montagnier, na mwaka 1996 ulianza ushirikiano wa utafiti wa UKIMWI kati ya Botswana na Chuo Kikuu cha Harvard alioushughulikia yeye. Sehemu ya elimu iliyowasaidia watu wa bara letu ilianzia kwa paka wagonjwa. Anayetuuliza paka hawa wana uhusiano gani na watoto wa watu, jibu mojawapo ni hilo.

Na kwa kuwa tumeutaja UKIMWI, tuseme neno moja zaidi kwa uangalifu. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, nchi yetu iliona aina mbili za Wakristo. Wapo waliotenga sahani na vikombe, waliohama benchi, waliosema hakuna haja ya kupoteza chakula kwa mtu anayekwenda kufa. Na wapo wakina mama wa makanisani waliobeba ndoo ya maji, wakaenda kuwaosha wagonjwa, bila kuuliza wamebakiza siku ngapi. Watu si paka, tumekwisha kusema. Lakini kauli tunazoambiwa leo juu ya watoto hawa wa paka, kwamba wanaambukiza watu, kwamba wasiguswe, kwamba ni kupoteza chakula, tunazitambua sauti zake. Tulizisikia zamani zikisemwa juu ya ndugu zetu. Kanisa lililowahi kuzishinda kauli hizo kwa watu halipaswi kuzipa kiti tena, hata kama safari hii zimekuja zikimlenga mnyama.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: paka ni kitu cha wachawi, hasa mweusi, na aliye mgonjwa ametumwa. Hapa hatutakuwa wapole. Mkristo anayemwogopa paka kwa sababu ya rangi yake anakiri kwa hofu yake kwamba kuna mwingine mwenye mamlaka juu ya viumbe zaidi ya Mungu. Hiyo ndiyo ushirikina. Katika Biblia tunayoitumia paka wa nyumbani hatajwi. Wenzetu Wakatoliki wanamkuta mahali pamoja, katika barua ya Yeremia iliyo mwishoni mwa kitabu cha Baruku. Na anafanya nini hapo? Amekaa juu ya sanamu za Babeli pamoja na popo na ndege, na mwandishi anamtumia kama ushahidi kwamba sanamu zile si miungu, kwa maana haziwezi hata kumfukuza paka. Huyo mnyama mnayemwita wa mashetani, mahali pale alipotajwa amesimama upande wa Mungu dhidi ya sanamu.

Hadi hapa tumebishana na wanaotupinga. Sasa tunageuka kwa wanaotuunga mkono, maana kwao pia tuna neno, na huenda ni zito kuliko yote.

Kuna watu wenye moyo mzuri wanaowatafutia nyumba watoto hawa wa paka kwa uongo. Wanajua kipimo kimesema nini, lakini wanampa jirani paka wakisema ni mzima, kwa kuogopa kwamba akiambiwa ukweli atakataa. Wanaona wameokoa uhai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio huwa cha nyumba nzima. Jirani yule ana paka wake wa miaka mingi, mzima kabisa; paka wawili wanakula sahani moja, na baada ya muda anazika wawili badala ya mmoja. Mtoto wa nyumba ile amepewa rafiki ambaye hakuambiwa kwamba hatakaa naye sana. Na jirani akishajua ukweli hatapokea tena mnyama wala neno kutoka kwetu, na pengine hata Injili ataisikia kwa shaka kwa sababu ya midomo inayoileta. Nyumba iliyopatikana kwa uongo imejengwa juu ya mchanga. Hatuwezi kumtumikia Muumba kwa kuwadanganya watu wake.

Kwa hiyo sisi tuna desturi moja: ukweli hutangulia. Anayetaka kumchukua paka huyu tunamkalisha na kumweleza yote. Tunamwambia kwamba paka huyu anafaa kwenye nyumba isiyo na paka mwingine, au yenye paka ambaye naye ana virusi hivyo. Hapaswi kuzurura nje, kwa usalama wake na wa paka wa mtaani, na kwa hilo nyavu za madirisha tunazoweka kwa ajili ya mbu zinatosha kuanzia. Lazima ahasiwe, au afungwe kizazi kama ni jike, na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kama paka wengine wote. Asile nyama mbichi, maana kinga yake ni ndogo. Akipoteza hamu ya kula au fizi zake zikipauka, asingojewe wiki. Apelekwe kwa daktari siku ile ile. Na tunamwambia ajiandae kumzika mapema, awaandae na watoto wake.

Wengi wakishasikia hayo husema hapana, na hapana yao ni ya heshima kuliko ndiyo ya kudanganywa. Lakini wapo wanaosema ndiyo. Mara nyingi ni watu ambao ulimwengu hauwahesabu kuwa na kitu cha kutoa: mjane anayeishi peke yake ghorofani, mwalimu mstaafu, mgonjwa ambaye naye anakunywa dawa kila siku na anajua maana ya kuhesabiwa siku na wengine. Ukweli hupunguza idadi ya wanaoingia mlangoni, lakini aliyeingia hugeuka nyuma kwa nadra.

Tunachodai si kikubwa. Tunadai kiroba kikomeshwe, na wazee wa kanisa wakiseme kwa jina lake pale wanaposema dhambi nyingine. Nchi yenyewe imekwisha kutunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Ni aibu dhamiri ya kanisa iwe nyuma ya sheria ya serikali. Tunadai sumu isitegwe kwenye viwanja vya kanisa. Inaua paka, inaua kunguru na mbwa wa mlinzi, na iko siku itaokotwa na mtoto wa Shule ya Jumapili. Tunadai kila mshirika mwenye paka amfunge kizazi, maana watoto wa paka wanaotupwa hawatoki mbinguni, wanatoka nyumbani kwetu, na anayeweza kuzuia watano wasizaliwe jalalani amefanya zaidi ya sisi tunaookota mmoja. Mwenye uwezo wa kumpima paka wake na kumchanja afanye hivyo kabla ya kumruhusu atoke nje.

Na kwa wale wachache waliopimwa na kukutwa na virusi, tunaomba milango. Si milango mingi. Paka mmoja anahitaji nyumba moja, mtu mmoja, na miaka michache ya uaminifu ambao hautalipwa hapa duniani. Mtume Paulo katika Warumi sura ya 8 anavisema viumbe vyote kuwa vinaugua pamoja vikingoja ukombozi. Kama kweli tunangoja pamoja navyo, basi tusivitupe njiani kwa sababu vimechoka kabla yetu.

Mwenye nafasi nyumbani kwake na aje tuzungumze. Tutamweleza yaliyo mabaya kwanza, kisha tutamwonyesha paka.